Mangina: Kuwafundisha watoto kuwaza vyombo vya safari vya kesho, kwa kuanzia na chukudu

Nilipokuwa kalasi ya tatu ya msingi kule Butembo, mwalimu alituomba tuchore chombo cha safari. Mimi nikachora chukudu: ubao mrefu, magurudumu mawili ya mti, usukani uliopinda kama pembe za ng'ombe, na juu yake mifuko mitatu ya makala. Mwalimu akachukua kaye yangu, akaitazama, akaweka kosa kwa bik nyekundu. Alisema chukudu si chombo cha safari, ni taabu ya maskini. Wenzangu waliochora ndege, ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kupanda ndege, walipata kumi kwa kumi.

Nimeikumbuka kaye hiyo katika likizo kubwa hii, nikiwa Mangina, kilometa karibu 30 magharibi mwa Beni. Nilikuja kumwona dada yangu aliyeolewa huku. Njiani moto yetu ilisimama mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa kununua esanse kwa Kadhafi, ndivyo tunavyowaita vijana wanaouza mafuta kwa chupa na bido kando ya barabara. Mara ya pili tulingoja kamio lililozama katika tope litolewe. Karibu na nyumba za watu kakao ilikuwa imetandazwa juu ya turubai ikauke, na moshi wa moto zinazopita ulikuwa unaishukia pole pole.

Kwenye chemchemi, watoto wanne walikuwa wanapanga bido za maji juu ya chukudu ndogo iliyotengenezwa kwa kipimo chao. Mmoja alishika usukani, wawili walisukuma, wa nne, mdogo kuliko wote, alikaa juu ya bido kama burugumestre. Chombo hicho hakina moshi, hakina batri, hakina deni kwa mtu. Nikajiuliza: mwalimu wa leo akiwaomba watoto hawa wachore chombo cha safari cha kesho kisichoharibu hewa, je, atawapa kosa wakichora kitu wanachokijua?

Swali hilo si la mchezo. Katika inchi nyingi, hata masomo ya watoto wa miaka mitano wanafundishwa kuwaza magari yasiyotoa moshi, treni za umeme, miji ya watembea kwa miguu. Huku kwetu mada hiyo ikifika, hufika ikiwa imevaa nguo za wengine: picha ya tramwe ya Ulaya, picha ya motokari inayong'aa ikichomekwa kwenye ukuta. Mtoto wa Mangina anaangalia, anasema ni nzuri, basi. Haimhusu.

Chora kitu kinachotembea

Katika parsela ya dada yangu kuna mti wa avoka. Siku ya pili niliwakusanya chini yake watoto wa nyumba na wa majirani, wanane, wa miaka mitano hadi tisa. Nilikuwa na karatasi zilizobaki nyuma ya kaye za mwaka uliopita, kreyoni chache na vipande vya makala. Sikuwa na mpango wa kuandika habari. Nilitaka kuona tu.

Nikawaambia: choreni chombo kitakachobeba watu mkiwa wakubwa, lakini kisichotoa moshi.

Matokeo yalikuwa mabaya, na kosa lilikuwa langu. Watano walichora moto, kama zile zinazopita mbele ya mlango, moshi ukiwa umeachwa tu bila kuchorwa. Mmoja alichora elikopta. Mmoja alichora jipu nyeupe yenye antena ndefu. Mwingine alichora kamio limejaa askari, na bunduki zimesimama kama miti. Hakuna chombo hata kimoja kilichokuwa cha papa yake au cha mama yake.

Mtu asiyeijua Mangina atashangaa. Anayeijua hatashangaa. Tarehe 1 Agosti 2018, serikali ilitangaza Ebola kuanzia hapa hapa. Magari yaliyoingia katika njia hizi wakati ule yalikuwa meupe, ya wageni, na mara nyingi yalikuja kuchukua mtu ambaye hakurudi. Ugonjwa ulikwisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya kugusa watu 3.470 katika Kivu ya Kaskazini, Ituri na sehemu ya Kivu ya Kusini, na kuua 2.287 kati yao. Watoto niliokaa nao walikuwa bado wachanga au hawajazaliwa. Lakini picha ya jipu nyeupe inarithiwa nyumbani kama hadithi nyingine. Na juu ya Ebola kulikuwa na vita, na vita haijaisha: mashambulio ya ADF, hali ya dharura ya kijeshi tangu Mei 2021, familia zinazokimbia na godoro juu ya moto, mtoto katikati ya papa na mama, mbuzi amefungwa nyuma. Kwa watoto wengi wa huku, chombo cha safari ni kitu kinachokuja na hatari, au kinachokutoa katika hatari.

Kwa hiyo mwalimu anayefika na mada ya "safari ya kesho" lazima ajue anaweka kidole wapi.

Nikabadilisha swali. Niliwaomba kila mmoja anitajie mtu wa nyumbani anayebeba mzigo mzito kuliko wengine, na mzigo huo unatoka wapi unakwenda wapi. Hapo kelele ikaanza. Mama na mfuko wa kakao kutoka shamba. Kaka na bido. Shangazi na mkungu wa ndizi kichwani na mtoto mgongoni. Bibi ambaye hawezi tena kufika kanisani kwa miguu. Nikawaambia: sasa mtengenezeeni huyo mtu chombo.

Karatasi za pili zilikuwa tofauti kabisa. Mvulana mmoja alichora chukudu yenye paa, na juu ya paa plaki ya jua, kama ile iliyo juu ya nyumba yao inayochaji telefone. Mwingine alinyoosha kamba juu ya mto, kikapu kinaning'inia, mama yumo ndani na kakao yake, ameketi. Mdogo wa wote alichora kitanda chenye magurudumu kwa bibi; alipoulizwa nani atakisukuma, alijionyesha mwenyewe.

Msichana wa miaka saba alichora moto isiyo na bomba la nyuma. Nikadhani ameelewa vizuri habari ya moshi, nikamsifu. Akanisahihisha. Hakuwa anawaza moshi. Alitaka moto isiyopiga kelele, kwa sababu usiku ule walipokimbia, mama yake alikuwa anaogopa kwamba mlio wa moto utasikika porini.

Sikuwa na jibu la haraka. Baadaye ndipo nilimweleza kwamba moto za namna hiyo ziko tayari, zinatembea kwa batri, na mtu akiwa nyuma ya nyumba hasikii zikipita. Alinitazama kama mtu anayeambiwa kitu alichokuwa anakijua.

Mabasi ya Léopoldville yaliyokufa kwa sababu ya tope

Watu wengi wanadhani usafiri safi ni habari mpya kutoka nje. Huo ni ujinga wetu wenyewe juu ya historia yetu, na vitabu vya masomo havikutusaidia.

Kati ya mwaka 1955 na 1959, katika mji wa Léopoldville, Kinshasa ya leo, kulikuwa na mabasi ya umeme yasiyo na waya juu na yasiyo na batri kubwa. Yaliitwa jairobasi, yakitoka kwa kampuni ya Oerlikon ya Uswisi. Ndani, chini ya sakafu, kulikuwa na gurudumu zito la chuma, lenye uzito wa tani moja na nusu hivi. Basi likifika kituoni, liliinua mikono mitatu juu ya paa, likagusa nguzo ya umeme, na umeme ukalizungusha gurudumu lile kwa kasi kubwa sana. Baada ya dakika chache basi lilikwenda zake, likitumia nguvu ya gurudumu linalozunguka mpaka kituo kinachofuata. Mabasi yalikuwa 12, yakitembea katika njia nne. Yalijaribiwa pia Yverdon kule Uswisi na Gent kule Ubelgiji, lakini mtandao mkubwa kuliko yote ulikuwa wa kwetu.

Mtoto wa miaka sita anaweza kuelewa jairobasi vizuri kuliko mimi. Yeye anacheza na pia. Anajua kwamba ukiizungusha kwa nguvu inabaki na nguvu ndani yake hata ukiiacha. Mwambie tu: lilikuwa basi lenye pia kubwa tumboni.

Halafu mwulize kwa nini lilikufa. Hapo ndipo somo linapokuwa tamu, kwa sababu jibu analikanyaga kila siku. Mabasi yale yalikula umeme mwingi. Joto na unyevu vilichosha mashine. Vyuma vya kushikilia gurudumu vilivunjika. Na madereva walikata njia kupitia barabara za udongo ambazo mvua ikinyesha zilikuwa tope. Mwaka 1959 kampuni iliacha, ikarudi kwenye mazuti. Kwa maneno mengine, barabara mbovu ilisaidia kuua usafiri safi wa Kongo miaka zaidi ya 60 iliyopita. Mtoto aliyeona kamio limezama kwenye njia ya Beni hahitaji maelezo marefu.

Katanga nako treni za umeme zilianza kutembea katika miaka ya 1950, zikivuta shaba. Mtoto wa Beni au Butembo hajawahi kuona treni ya aina yoyote kwa macho yake, kwa hiyo mwalimu asianze na treni. Lakini anaweza kumwambia kwamba katika inchi yake, mbali kusini, iko njia ya chuma iliyojengwa kwa umeme wa maji kabla babu yake hajaoa.

Na kuna jambo la karibu zaidi. Mwaka 2013 Kinshasa ilianza kuona roboti kubwa za aluminiamu zikisimama katikati ya njia panda na kuongoza magari, zikitumia nguvu ya jua. Zilitengenezwa na kundi la mhandisi Thérèse Izay. Nilipowaeleza watoto kwamba aliyewaza kitu kile ni mama Mkongomani, mvulana wa plaki ya jua alichukua karatasi yake na kuongeza mikono miwili kwenye chukudu.

Majirani wako wapi

Uganda iko karibu. Kakao yetu nyingi inavuka Kasindi. Mwaka 2011 wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Makerere walionyesha motokari ndogo ya umeme ya watu wawili, na mwaka 2016 wakatoa basi lenye plaki za jua juu ya paa, Kayoola. Kazi hiyo sasa ni ya kampuni ya Kiira, yenye kiwanda Jinja. Tanzania ilianza kubeba abiria kwa treni ya umeme kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro mwezi Juni 2024, na baadaye ikafika Dodoma.

Kigali, moto za umeme za kubeba abiria zimeanza kutembea tangu 2019. Dereva haongoji kuchaji, anabadilisha batri tu na kuondoka. Serikali ya kule iliamua kwamba tangu Januari 2025 moto mpya za esanse hazitaandikishwa tena kwa kazi ya abiria mjini humo. Najua wasomaji wengi wa huku hawapendi kusikia mfano wowote kutoka Kigali, na sababu haihitaji kuelezwa. Lakini mtoto wa miaka saba aliyeomba moto isiyo na kelele ana haki ya kujua kwamba ipo, na iko umbali gani.

Yeye pia ana haki ya kujua kitu kingine, ambacho mimi naona ndicho kizito kuliko vyote katika mada hii. Batri nyingi za magari ya umeme zina kobalti. Si zote, kuna aina zisizoitumia, lakini nyingi zinayo. Na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo, Lualaba na Haut-Katanga, ambako watoto wenye umri wa hawa wa chini ya mti wa avoka wameonekana wakiosha mawe ya madini. Ukimfundisha mtoto wa Kongo kwamba gari la umeme ni safi, ukaacha habari hiyo, umemdanganya. Ukimwelezea yote kwa siku moja, umemlemea. Kwa maoni yangu, watoto wadogo waambiwe sehemu moja tu: kwamba ndani ya batri kuna jiwe, na jiwe hilo linatoka kwetu. Mengine yangoje kalasi ya sita.

Upande mwingine wa habari unafurahisha. Umeme wa Kongo karibu wote unatoka kwenye maji. Hapa kwetu Kivu ya Kaskazini tuna Mutwanga chini ya Ruwenzori, Matebe kule Rutshuru, Luviro kwa upande wa Lubero. Chombo cha umeme kikichajiwa huko, kwa kweli kinakula mto. Esanse ya Kadhafi, kinyume chake, imeshuka melini Mombasa, imepanda kamio, imevuka Kenya na Uganda mpaka Kasindi, na kila mmoja njiani ameongeza bei yake. Niliichora safari hiyo chini kwa fimbo, watoto wakaifuata kwa miguu kutoka upande mmoja wa parsela hadi mwingine. Ilikuwa sehemu waliyoipenda kuliko zote, labda kwa sababu waliruhusiwa kukimbia.

Bila vifaa, lakini si bila mipango

Tangu Septemba 2019 masomo ya msingi ya serikali ni ya bure, na kalasi zimejaa. Mwalimu mwenye watoto wengi kwenye mabenchi machache hawezi kusambaza kreyoni. Lakini nimekulia katika mji ambao watoto wanatengeneza motokari kwa kopo la sardini, vifuniko vya chupa na kipande cha kandambili, kwa hiyo hoja ya kwamba vifaa havipo mimi hainitishi sana. Shina la ndizi linakatwa kwa kisu na kuwa mwili wa gari. Mianzi inakuwa ekseli. Jani la ndizi kwenye kijiti linakuwa kinu cha upepo na linazunguka mtoto akikimbia. Na katika miaka ya kwanza somo linaweza kufanywa kwa Kiswahili, bila mtoto kwanza kupigana na maneno ya Kifaransa.

Moshi wenyewe lazima uonekane. Mwambie mtoto hewa imechafuka, atakuitikia ndiyo kwa heshima. Badala yake, mtu mzima afunge kitambaa cheupe kwenye fimbo ndefu na kukishika nyuma ya bomba la moto inayonguruma, nje, watoto wakiwa mbali kidogo kwa sababu bomba linaunguza na moshi ni sumu. Kitambaa kirudi na doa jeusi. Kisha kingine kishikwe nyuma ya chukudu. Sisi tulifanya hivyo; kitambaa cha chukudu kilirudi cheupe na watoto wakacheka sana, kana kwamba chukudu imeshinda mechi.

Baada ya kicheko hicho ni rahisi kuharibu kila kitu. Chukudu isigeuzwe kuwa kitu cha kusifiwa tu. Yeyote aliyewahi kuisukuma juu ya mlima wa Butembo na mamia ya kilo anajua kifua kinavyouma. Inasemwa ilianza kuenea Kivu ya Kaskazini katika miaka ya 1970, uchumi ulipokuwa unaanguka na magari yamekuwa ghali. Ilizaliwa na shida. Goma waliijengea sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya barabara, na vijana wanaoisukuma walipita chini yake na njaa. Kwa hiyo swali zuri kwa mtoto ni hili: ndani ya chukudu kuna nini cha kubaki nacho, na nini cha kubadilisha? Wale wanane walijibu bila kusita. Kibaki: mti, kwa sababu seremala wa karibu anaweza kuutengeneza. Kibadilike: mlima.

Jibu la mti lilinifikirisha. Hawakusema kwa sababu mti ni safi. Walisema kwa sababu kikivunjika kitatengenezwa hapa. Mabasi ya Léopoldville yangekuwa na bahati zaidi kama mtu angeuliza swali hilo mwaka 1955.

"Watoto wanataka amani, si magari ya ndoto"

Hoja hiyo nimeisikia mara nyingi nikizungumza na wazazi juu ya mambo kama haya, kwa maneno tofauti, na siwezi kuidharau. Mtoto amekosa mwaka wa masomo kwa kukimbia, kalasi yake ina wakimbizi usiku, na wewe unamletea habari ya moto za umeme? Kwanza asome na kuandika. Kwanza bunduki zinyamaze.

Nakubali kwamba kusoma na kuandika vije kwanza. Lakini si kweli kwamba kuwaza kungojee amani. Watoto wa huku wanawaza kila siku. Tumeona walichochora mara ya kwanza. Wanawaza bunduki na jipu za wageni kwa sababu ndivyo vilivyowekwa mbele yao. Saa moja kwa wiki ya kuwaza kitu kingine haimzuii mtu kupigania amani. Na kuna jambo la kawaida sana: mtoto anayechora chombo kwa ajili ya mama yake anahesabu. Mifuko mingapi, magurudumu mangapi, kilo ngapi, franka ngapi za esanse kwa safari moja kwenda Beni. Nilimwona mvulana wa miaka tisa akihesabu, bila kuambiwa, feza ambazo papa yake, mwendesha moto, angebaki nazo kama moto isingekunywa. Alikosea mara mbili, akafuta kwa kidole, akaanza upya. Siku zote anakataa hesabu, alisema dada yangu.

Kuna pia wasiwasi wa wamotari wenyewe. Baadhi watauliza kama tunawafundisha watoto kuwachukia. Hilo mwalimu aliangalie sana, maana katika kila kalasi kuna mtoto ambaye kaye yake ilinunuliwa na feza ya moto. Moshi ndio tunaousema vibaya. Papa wa mtu asiguswe.

Mimi sitaki kusema kwamba wiki moja chini ya mti wa avoka ni mpango wa elimu. Masomo yanafunguliwa Septemba, na mwalimu ana programu yake, wakaguzi wake, na mshahara unaochelewa. Lakini somo la kuchora na kazi ya mikono limo tayari katika ratiba ya watoto wadogo. Hakuna haja ya kungoja amri kutoka Kinshasa ili swali moja libadilishwe.

Siku ya mwisho tulijaribu chukudu yenye paa. Kaka yao mkubwa alisaidia kukata mbao, plaki ilikuwa kipande cha kartoni kilichopakwa makala, na mizigo ilikuwa mawe matatu badala ya kakao. Tuliipeleka juu ya mteremko nyuma ya kanisa. Ilishuka vizuri mita kama kumi, paa likaruka, gurudumu la mbele likatoka, mawe yakaingia katika shamba la mihogo la jirani ambaye hakufurahi. Watoto waliketi chini kuizunguka na kuanza kubishana kama ekseli iwe ya mwanzi au ya chuma. Nilipopanda moto kurudi Beni walikuwa bado wanabishana, na msichana wa miaka saba alikuwa upande wa chuma.